Mgunda Mkali juu ya Meza

Mchanga wa bahari haufai.
Nimeuosha maji saba, nimeuanika juu ya bati,
bado unameta, bado una vigae vya kombe,
na kwa mtu mwenye urefu wa pingili ya kidole
punje moja ni jiwe la kujikwaa.
Ukame, nimejifunza hapa mezani,
huanza na vumbi.

Mimi fundi saa. Miaka thelathini na mbili hapa Dunda
nimefungua migongo ya saa za watu
hadi saa zote zikahamia kwenye simu.
Ndipo akaja mwalimu Mwanakheri, wa historia:
“Tutengenezee msafara, watoto waione njia ya bara.”
Sehemu gani ya njia?
“Ile kavu. Mgunda Mkali.”
Nikakubali, mimi ambaye sijavuka Chalinze.

Vilima ni povu la boksi la friji, nimelichonga kwa kisu cha mkate,
nikalivika magazeti yaliyolowa uji.
Juu yake udongo wa kichuguu, kutoka Nianjema,
nikauchekecha kwa soksi ya nailoni ya Tausi,
ile aliyoivaa siku ya harusi yetu, basi.
(Angenicheka. Angesema, hata jangwa unalivisha soksi.)
Vumbi la tofali kwa wekundu, majivu kwa uchovu,
makapi ya chai pale mto ulipokuwa ukipita.
Majani makavu ni nywele za brashi ya katani.
Gundi ya mbao, maji, tone la sabuni ili izame isielee.

Kazi ni ufa.
Ufa hauchongwi. Unachanganya udongo na unga wa muhogo,
unapaka, unaondoka, unakwenda kunywa kahawa.
Wahenga walisema ziba ufa;
mimi naulea, nauombea uongezeke.

Kisha masika.
Wiki moja tu ya mvua, na Mgunda Mkali ukaota ukungu,
manyoya meupe bondeni, kama kondoo.
Na kwenye kilima cha pili, kijani,
mche mmoja, majani mawili, umenyooka bila haya.
Pwani hii haijui kukauka.
Nikang'oa. Nikakwangua kila kitu hadi kwenye gazeti,
nikapeleka udongo kwa Shemboko mwoka mikate,
tukauoka saa nzima, sinia nne, baada ya boflo za alfajiri.
“Ongeza hamira,” akasema, “jangwa liumuke.”

Watu ni waya wa shaba na nta.
Arobaini na mmoja. Pembe za ndovu ni vijiti vya meno,
nimevipinda kwa mvuke wa birika.
Nyayo nimezipiga moja moja
kwa mshale wa dakika wa saa isiyo na mwenyewe,
kushoto, kulia, kushoto,
siku tatu, lenzi jichoni, pumzi nimeibana
kwa sababu kikohozi kimoja ni tufani.

Tunu, mjukuu wangu, anahesabu kila kitu.
Akahesabu watu. Akainama, akahesabu njia za nyayo.
“Babu, umekosea. Nyayo ni za watu arobaini na wawili.”
Sikukosea.
“Huyu mmoja yuko wapi?”
Nikamwonyesha kichaka cha miiba, mizizi ya mchicha iliyokaushwa,
na chini yake mzigo wa kitambaa, umefungwa vizuri,
kamba bado imekaza.
Mzigo upo. Kichwa cha kuubeba hakipo.
Nyayo zinafika pale, zinageuka kidogo,
basi.

Alitazama sana. Kisha akauliza maji yako wapi,
nami nikasema sijayatengeneza.

Mwalimu anakuja Jumatatu na gari la kuazima.
Watoto watauliza, najua. Waulize.
Usiku nalifunika jangwa kwa khanga ya Tausi,
kona nne, jiwe kila kona,
lisinywe umande.